Nishani ya Anga na Gharama Yake

Nani kati yetu hajaona nishani ikimetameta kifuani pa askari siku ya sikukuu ya taifa? Watoto hukodoa macho, nao wakubwa hupiga makofi. Leo twataka kuwasimulia habari za nishani moja iliyopatwa na watu wachache mno, nasi twawaomba mtazame gharama yake kuliko mng'aro wake.

Mwaka 1969, mwaka ule ule watu walipotua mwezini kwa mara ya kwanza, Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kuanzisha Nishani ya Heshima ya Anga. Rais wa nchi ndiye huitoa, kwa jina la Bunge, kumpa msafiri wa angani aliyefanya kazi ya pekee kwa faida ya taifa lake na ya wanadamu.

Miaka 9 ilipita kabla ya mtu wa kwanza kuipata. Tarehe 1 Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter aliwatunukia watu 6 kwa pamoja. Miongoni mwao walikuwa Neil Armstrong, aliyetangulia wote kukanyaga mwezi, na John Glenn, Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia. Lakini mmoja wa wale 6, Virgil Grissom, hakuwapo. Alikuwa amekufa tangu mwaka 1967, pamoja na Edward White na Roger Chaffee, moto ulipowaka ndani ya chombo chao wakati wa majaribio, hata kabla hakijaondoka ardhini.

Hadi mwaka 2023 waliokuwa wamepewa nishani hii ni 30. Basi hesabuni, enyi wanafunzi: 17 kati yao walipewa wakiwa wamekwisha kufa. Wale 3 wa moto tumewataja. Wengine 7 walikufa tarehe 28 Januari 1986, chombo Challenger kilipovunjika sekunde 73 baada ya kuruka. Na 7 wengine walikufa tarehe 1 Februari 2003, Columbia kilipokuwa kikirudi nyumbani.

Katika Challenger alikuwamo Ronald McNair, mtu mweusi wa South Carolina. Ndugu yake amesimulia kwamba Ronald, alipokuwa na miaka 9, aliingia katika maktaba ya mji wao kuazima vitabu, akakataliwa kwa sababu ya rangi yake. Hakuondoka. Polisi wakaitwa, na mamaye pia. Mwishowe akapewa vitabu. Mtoto yule akawa daktari wa fizikia, na leo jengo lile lina jina lake. Pamoja naye alikuwamo Christa McAuliffe, mwalimu aliyechaguliwa kati ya walimu zaidi ya 11,000 ili afundishe akiwa angani. Wanafunzi walikuwa wakimtazama katika televisheni mashuleni mwao saa ile ya msiba.

Je, msiba ule haukuweza kuepukwa? Usiku uliotangulia, mainjinia walionya kwamba baridi kali ingeharibu mipira iliyoziba maungio ya roketi. Wakubwa wao wakaamua kurusha. Methali yasema: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa wakuu ndio wasiosikia la wadogo, na waliolipa ni wengine.

La hasha, hatusemi kwamba nishani ile ni bure. Wako walioipokea wakiwa hai, kama Shannon Lucid, binti wa wamisionari, aliyezaliwa China. Mwaka 1996 alikaa angani siku 188, akawa mwanamke wa kwanza kuitunukiwa. Ni haki taifa liwashukuru watumishi wake, na jamaa za wafu wajue kwamba hawakusahauliwa. Lakini nishani haimrudishii mtoto mama yake.

Basi, ninyi wazazi, wakubwa wa kazi na walimu, mtu mdogo ajapo kuwaambia, «Hapa pana hatari», msimfukuze. Kuwaheshimu wafu ni kwema. Kuwasikiliza walio hai ni kwema zaidi. Nanyi wanafunzi, mkumbukeni yule mtoto wa maktaba: hakuondoka mpaka amepata vitabu vyake.