Khabib wa Dagestan: Mieleka, Pigo la Uso na Ahadi kwa Mama

Miongoni mwa mambo wanayoyazungumza sana vijana wetu barazani baada ya sala ya Isha, na ambayo wazee huyapita bila kuyatia maanani, ni habari za wapiganaji wa vizimbani. Jina linalotajwa zaidi ni la Khabib Nurmagomedov, Mwislamu kutoka Dagestan, ambaye alipigana mapambano 29 ya kulipwa na hakushindwa hata moja. Wako wanaomsifu kana kwamba kila ngumi aliyoirusha ilikuwa ni ibada, na wako wanaomlaumu kana kwamba hakutenda jema lolote. Sisi tunaona kwamba makundi yote mawili yamemchanganya mtu na kazi yake. Kwa hivyo tutaieleza safari yake kama ilivyokuwa, na kila penye mas-ala ya kifiqhi tutasimama.

Dagestan ni jamhuri iliyo ndani ya Shirikisho la Urusi, baina ya milima ya Kaukazi na Bahari ya Kaspi. Uislamu uliingia huko mapema, katika karne za mwanzo za Hijra, kupitia mji wa Derbent. Kabila la Khabib ni la Waavari, na ndilo kabila la Imam Shamil, aliyeongoza vita dhidi ya majeshi ya Tsar wa Urusi kwa robo karne mpaka aliposalimu amri Gunib mwaka 1859, kisha akafariki Madina mwaka 1871. Na jambo ambalo wasomaji wetu wengi hawalitambui ni kwamba watu wa milima ile ni Mashafi kama sisi watu wa Pwani. Kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi, ambacho wanafunzi wetu hukisoma Lamu na Zanzibar, kinajulikana huko pia. Kwa hiyo tunapomuuliza Imam Nawawi juu ya kazi ya Khabib, tunamuuliza imamu wa madhehebu yake mwenyewe.

Khabib alizaliwa tarehe 20 Septemba 1988 katika kijiji cha Sildi. Baba yake, Abdulmanap, alikuwa mwalimu wa mieleka na sambo, na nyumba yao ya Kirovaul aliigeuza sehemu ya chini kuwa ukumbi wa mazoezi. Hapo mtoto alianza mieleka akiwa na umri wa miaka minane. Ipo filamu fupi inayomwonyesha akiwa mtoto wa miaka tisa akishindana na mtoto wa dubu aliyefungwa mnyororo. Watu huitazama kwa kicheko, ingawa mnyama yule hakuulizwa. Baadaye akajifunza judo na sambo ya kivita, na mwezi Septemba 2008 akaingia katika mapigano mchanganyiko ya kulipwa, mchezo unaokusanya pamoja ndondi, mateke, mieleka na ukabaji.

Kwa miaka zaidi ya mitatu alipigana Urusi na Ukraine, akashinda mapambano 16. Tarehe 20 Januari 2012 akapigana kwa mara ya kwanza katika shirika la UFC la Marekani, mjini Nashville, na akamkaba Kamal Shalorus. Daraja lake ni uzito mwepesi, yaani wapiganaji wasiozidi pauni 155, ambazo ni sawa na kilo 70.3. Mwezi Mei 2013 alimwangusha Abel Trujillo mara 21 katika pambano moja la dakika 15, na ikawa ni rekodi ya shirika hilo. Mwezi Aprili 2014 akamshinda Rafael dos Anjos, ambaye mwaka uliofuata alikuja kuwa bingwa wa dunia. Kisha majeraha yakamweka nje miaka miwili kamili, na wengi wakadhani habari yake imekwisha. Alirudi mwezi Aprili 2016.

Mas-ala ya kwanza ni ya mizani. Mpiganaji wa daraja hili mara nyingi hana kilo 70 katika siku zake za kawaida. Khabib mwenyewe alikuwa akizidi kilo 80. Njia wanayoitumia ni kuyatoa maji mwilini katika siku chache za mwisho: huacha kunywa, huoga maji ya moto, huketi katika chumba cha mvuke, huvaa nguo nzito wakakimbia, kisha baada ya kupimwa huyarudisha maji yale kabla ya pambano la kesho yake. Tarehe 3 Machi 2017 huko Las Vegas, siku moja kabla ya kupigania mkanda wa muda na Tony Ferguson, Khabib alizidiwa katika hali hiyo akapelekwa hospitali, na pambano likafutwa. Hata lile pambano la Trujillo alikuwa amelifikia akiwa na pauni 158.5, kupita kikomo. Mafaqihi wanayo kanuni iliyochukuliwa katika hadithi mashuhuri, kwamba hakuna kujidhuru wala kudhuriana. Mtu anayefunga Ramadhani akifika mahali pa kuogopea nafsi yake hupewa ruhusa ya kufungua, na hiyo ni nguzo ya dini. Vipi basi ipatikane ruhusa ya kuiangamiza nafsi kwa kiu kwa ajili ya mizani? Tunaona kwamba katika mambo yote ya mchezo huu, hili ndilo lisilohitaji mjadala mrefu, nalo ndilo ambalo vijana hawaliulizi kabisa.

Mas-ala ya pili ndiyo kiini cha maneno. Mieleka yenyewe ni halali. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mieleka na Rukana akamwangusha, ingawa Tirmidhi mwenyewe aliusema udhaifu wa isnadi yake. Ama kupiga uso, imethibiti katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) ameamrisha mtu anayepigana na ndugu yake auepuke uso. Imam Nawawi alieleza kwamba uso ni kiungo laifu kilichokusanya uzuri wa mtu na hisia zake, na pigo huweza kuviharibu. Maulamaa wakasema hata anayetiwa adabu kwa hukumu ya kadhi asipigwe usoni. Ikiwa aliyekosa amehifadhiwa uso wake, asiyekosa ana haki zaidi.

Mwezi Oktoba 1987 Baraza la Fiqhi la Rabita, huko Makka, lilitoa azimio kwamba ndondi ni haramu, na pamoja nayo mieleka ambayo kila mmoja huruhusiwa kumdhuru mwenzake. Likasema wazi kwamba mieleka ya kujenga mwili isiyohalalisha madhara inafaa. (Mieleka ya Olimpiki basi haimo katika katazo hilo, na wanaolitumia azimio kuizuia hawakulisoma.) Na kwa wale wanaosema wapiganaji wenyewe wameridhiana, baraza lilikumbusha walichokisema mafaqihi, kwamba mtu akimwambia mwenzake "niue", haimhalalikii kumuua, na akimuua atawajibika. Ridhaa ya mtu haimmilikishi mwili ambao si milki yake.

Tukiirudia safari ya Khabib kwa jicho hili tunaona jambo la ajabu kidogo. Katika ushindi wake 29, mara 11 mpinzani alisalimu amri kwa kukabwa au kupindwa kiungo, mara 10 ni kwa uamuzi wa majaji, na mara 8 tu ni kwa mapigo. Silaha yake kubwa ilikuwa ni ile ile ya ukumbi wa Kirovaul: kumshika mtu, kumwangusha, na kumlalia asiinuke. Lakini hatuwezi kumtakasa kwa hesabu hiyo. Mwezi Novemba 2016 huko New York alimlaza Michael Johnson chini akimpiga usoni kwa muda mrefu, huku akimwambia asalimu amri. Wapo wanaoyataja maneno yale kuwa ni huruma. Huenda ikawa ilikuwemo huruma, lakini ngumi hazikusimama alipokuwa akizungumza, na mwisho wa pambano ulipatikana kwa kumpinda mkono katika raundi ya tatu, jambo ambalo lingewezekana bila ya uso ule kuvimba.

Tarehe 7 Aprili 2018 huko Brooklyn alimshinda Al Iaquinta akawa bingwa wa dunia. Siku mbili kabla yake, Conor McGregor wa Ireland alilivamia basi lililombeba Khabib akalivunja kioo. Kuanzia hapo mpaka Oktoba ilikuwa ni matusi juu ya baba yake, nchi yake na dini yake, na katika mkutano wa waandishi wa habari alisogezewa ulevi mbele ya kamera naye akaukataa. Tarehe 6 Oktoba 2018 huko Las Vegas alimkaba McGregor katika raundi ya nne, katika pambano ambalo UFC ilisema lilinunuliwa kwenye televisheni mara milioni 2.4. Kisha akaruka ua wa kizimba akamvamia mtu wa kambi ya McGregor aliyekuwa amekaa nje, na ukumbi ukageuka fujo.

Baadhi yetu tulifurahi siku ile. Lakini kisheria, matusi hayamhalalishii mtu kumshambulia mwingine baada ya pambano kwisha. Tume ya michezo ya Nevada ilizuia malipo yake ya dola milioni 2, kisha mwezi Januari 2019 ikamsimamisha miezi tisa na kumtoza dola 500,000. Alimwomba radhi tume ile usiku ule ule. Aliyetoa hukumu tunayoipenda zaidi ni Abdulmanap, ambaye alitangaza hadharani kwamba adhabu yake kwa mwanawe itakuwa kali kuliko ya shirika. Mzee yule hakutafuta udhuru katika matusi, na alikuwa na haki ya kuutafuta kuliko mtu yeyote, kwani aliyetukanwa ni yeye.

Ama fedha, nayo ina maneno. Katika Minhaj, Imam Nawawi anayataja mashindano ambayo zawadi ya mashindano huswihi, kama mishale na farasi, na juu ya mieleka anasema kwamba kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa haiswihi. Mahanafi wamepanua zaidi mlango huu. Wako wa zama hizi wanaosema kwamba mpiganaji ni kama mwajiriwa anayelipwa ujira na mtu wa tatu, wala hakuna kati ya wapiganaji anayeweka dau, kwa hivyo si kamari. Hoja hii ina nguvu kwa upande wa kamari. Lakini ujira nao hufuata hukumu ya kazi inayolipiwa, na tukirudi kwenye kazi tunakutana tena na uso. Tusisahau pia kwamba sakafu ya kizimba huchorwa matangazo ya pombe na ya michezo ya bahati nasibu, na mpiganaji hashauriwi.

Tarehe 7 Septemba 2019 alimkaba Dustin Poirier mjini Abu Dhabi katika raundi ya tatu. Mwaka uliofuata ukaja msiba. Abdulmanap aliugua korona, na tarehe 3 Julai 2020 akafariki Moscow akiwa na umri wa miaka 57. Pambano lililofuata, la tarehe 24 Oktoba 2020 huko Abu Dhabi dhidi ya Justin Gaethje, lilikuwa la kwanza bila ya baba yake duniani. Alimkaba kwa miguu katika raundi ya pili. Rafiki yake wa mazoezi, Daniel Cormier, alisimulia baadaye kwamba Khabib angeweza kumvunja Gaethje mkono, lakini wazazi wa Gaethje walikuwa wakitazama naye hakutaka waone mtoto wao akiumizwa, akachagua kumkaba. Fiqhi ingelisema kwamba amechagua dhara jepesi kati ya madhara mawili. Hata hivyo Gaethje alipiga ishara ya kusalimu amri, mwamuzi hakuiona upesi, na akazimia kwa muda.

Hapo hapo kizimbani, baada ya kulia akiwa amesujudu, Khabib alitangaza kwamba anaacha. Alisema kwamba mama yake hakutaka apigane bila ya baba, naye alikuwa amemwahidi kuwa hili litakuwa la mwisho. Alikuwa na miaka 32, mwenye mkanda wa dunia.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim habari za mtu aliyemjia Mtume (s.a.w.) akitaka ruhusa ya kwenda jihadi. Akaulizwa kama wazazi wake wako hai, na aliposema ndiyo, akaelekezwa ajitahidi kwa kuwahudumia hao. Maulamaa wakachukua hapo kwamba jambo lisilokuwa faradhi aini halitangulizwi mbele ya ridhaa ya wazazi. Ikiwa jihadi ya kujitolea ni hivyo, basi mkanda wa dhahabu hauwezi kupata nafasi. Katika safari yote hii, kitendo hiki ndicho ambacho hatukihitajii kauli mbili.

Dana White, rais wa UFC, hakukubali upesi. Pambano la 30 lingekuwa na fedha nyingi na hesabu nzuri ya kutangazia, akamfuata Khabib Abu Dhabi mwezi Januari 2021, kisha wakakutana tena Las Vegas mwezi Machi, na jibu likawa ni lile lile. Mwezi huo huo White akatangaza kwamba Khabib amestaafu rasmi. Mkanda ukawa wazi, na mwezi Mei 2021 ukaenda kwa Charles Oliveira wa Brazil. Tarehe 22 Oktoba 2022, huko huko Abu Dhabi, ulichukuliwa na Islam Makhachev, kijana wa Dagestan aliyefunzwa na mzee Abdulmanap, na Khabib alikuwa amesimama kwenye kona yake.