Mnyoo wa Guinea: kwa nini bado tunaulizwa?

Ndugu wazazi wa Kakuma, wengi mnauliza: ugonjwa haupo, mbona tunachunguzwa miguu? Kweli, Kenya ilithibitishwa mwaka 2018 kuwa haina mnyoo wa Guinea. Lakini mwaka 2024 wagonjwa walipatikana Sudan Kusini na Chad, 15 tu dunia nzima. Na huyu mnyoo ana subira! Ukinywa leo maji ya bwawa yenye vijidudu vyake, atatokea baada ya mwaka hivi, bwawa lenyewe umeshalisahau. Ndiyo maana mgeni anaulizwa alikotoka.

Lengelenge likichoma kama moto, usitumbukize mguu majini kujipoza; hapo ndipo mnyoo anapomwaga mabuu. Wala usimvute, akikatika mguu utavimba. Nenda kliniki siku hiyo hiyo. Dawa ya kumuua hakuna, watamzungusha kijitini polepole, siku hata siku.