Je, Wajua? Hata Hofu Ina Hesabu Zake

Je, wajua kwamba watu 70 hivi kati ya kila 100 duniani hupitia tukio la kutisha maishani, iwe ajali, vita au kipigo? Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wanaowahi kuugua kiwewe, yaani hofu ya tukio isiyoisha, hawafiki hata 4 kati ya 100!

Sasa shika hii. Kujifunza kuogopa kuna kanuni yake ya hesabu, tena fupi ya kutosha kiganjani! Wanasaikolojia Robert Rescorla na Allan Wagner waliitoa mwaka 1972: ubongo hujifunza pale mambo yanapokuwa tofauti na ulivyotarajia. Pasipo mshangao, hapana somo.

Ila kanuni hiyo ina tundu. Ukiifuata, mtu akizoeshwa kinachomtisha bila kuumia, hofu inafutika kabisa. Wapi! Mbwa wa mwanasayansi Mrusi Pavlov, waliokwisha kuzoea kudondosha mate kwa sauti iliyotangulia chakula, walisikilizishwa sauti hiyo bila chakula mpaka mate yakakoma. Wakapumzishwa, mate yakarudi. Kumbukumbu ya zamani haikuwa imekwenda popote.

Sogea karibu, maana hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Watafiti Samuel Gershman na Yael Niv waliiga kwa kompyuta ubongo unaofanya kazi kama mpelelezi: mambo yakibadilika ghafla, unasema “hiki ni kisa kingine,” unafungua jalada jipya, na hofu inabaki salama kwenye jalada la zamani. Je, yakibadilika polepole? Mwaka 2013 wao na wenzao wakawajaribu panya waliofundishwa kuogopa sauti kwa shoti za umeme. Wengine walikatiwa shoti mara moja, wengine wakapunguziwa kidogo kidogo. Hebu kisia hofu ilirudi zaidi kwa nani. Kwa waliokatiwa mara moja! Kompyuta ilibashiri, panya wakathibitisha.

Na tiba ya kuchezesha macho, umeisikia? Francine Shapiro wa Marekani aliibuni baada ya matembezi bustanini mwaka 1987: mgonjwa hulikumbuka tukio huku macho yakifuata kidole kushoto na kulia. Kwa nini inasaidia? Watu walibishana miaka na miaka. Mwaka 2019 watafiti wa Korea Kusini waliwawashia panya taa inayohama upande hadi upande, wakaiona njia ya neva inayotuliza kitovu cha hofu ubongoni. Mwaka 2022 Waitaliano wakaiga tiba hiyo kwa mtandao wa neva uliojengwa ndani ya kompyuta.

Usishangae bado! Huko Oxford, Uingereza, majeruhi 71 wa ajali za barabarani waligawanywa makundi mawili wakiwa hospitalini, saa 6 hazijapita tangu ajali. Kundi moja lilikumbushwa ajali kidogo, kisha likapewa mchezo wa video wa Tetris. Wiki iliyofuata, picha za ajali ziliwarudia kwa asilimia 62 pungufu kuliko wenzao.

Na hii ni ya kwetu. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, Wanyarwanda na Wasomali 277 wenye kiwewe waliingia kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2008. Waliowatibu hawakuwa madaktari, walikuwa wakimbizi wenzao waliofunzwa kazi hiyo. Tiba yenyewe? Kusimulia maisha yako yote kwa mpangilio, vikao 6 tu. Miezi 9 baadaye, 70 kati ya kila 100 waliosimulia hawakuwa tena na ugonjwa; kwa wasiotibiwa, ni 37 tu.