Fomu ya Afya Isifungwe kwa Prosesa Moja

Mhamasishaji wa afya ya jamii anayepiga hodi mtaani Ziwa la Ng'ombe hujaza fomu kwenye simu bila kujua ilikopitia. Mfumo anaoutumia, eCHIS, ulioenea baada ya Kenya kuwazindua wahamasishaji 100,000 mnamo Septemba 2023, umejengwa juu ya programu huria za Community Health Toolkit, ambamo maswali huhifadhiwa kwa XML. Faili la kanuni za XSLT huyageuza kuwa ukurasa wa kujazwa, na inayozitekeleza kanuni hizo ni prosesa iitwayo xsltproc, iliyoko kwenye seva. Nashikilia kwamba kanuni za namna hii ziandikwe ziweze kuhamia prosesa nyingine, hata kama leo hakuna anayefikiria kuhama.

Tuseme kanuni inatakiwa kuandika majina ya watoto wa nyumba moja, nao ni watatu. Kwa XSLT 1.0 ya mwaka 1999, amri ya value-of huandika jina la kwanza na kuyaacha mengine, kwa 2.0 ya mwaka 2007 huyaandika yote. Hakuna onyo, na hapo ndipo hatari ilipo: ukurasa unatoka safi, watoto wawili hawamo. Anayetaka jina moja aseme ni lipi, anayetaka yote ayapitie moja moja kwa for-each. Viongezo, yaani kazi zilizo nje ya kiwango cha XSLT, navyo ni vivyo hivyo. Kwa mfano, kwa kuugeuza mti wa XML uliowekwa ndani ya kigezo ili uchambuliwe, Microsoft ina jina lake la kazi hiyo na mradi wa EXSLT una lake, kwa hiyo faili liulize kwanza kwa function-available kabla ya kuita.

Watasema seva ni moja na prosesa ni moja, ya nini kujisumbua? Ni kweli kazi inaongezeka. Lakini mwaka 2025 mtunzaji wa libxslt, maktaba inayoibeba xsltproc, alijiondoa, na Google ikatangaza mpango wa kuiondoa XSLT kwenye Chrome. Wengine watashauri kuhamia XSLT 3.0 kwa prosesa ya Saxon. Ni toleo tajiri kweli, ila kanuni zake hazitahamia kwenye vivinjari, ambavyo havikuwahi kuvuka 1.0. Basi viongezo vitengwe kwenye faili lao la kuingizwa kwa import, na fomu ipitishwe xsltproc na Saxon, matokeo yalinganishwe kabla haijafika kwenye simu.