Picha Inayojulikana Duniani Kote

Picha nyingi hupigwa kila siku, zikatazamwa mara moja na kusahauliwa. Lakini ziko chache ambazo watu wa nchi nyingi huzitambua mara wazionapo, hata baada ya miaka mingi. Habari za picha moja ya Marekani zaonyesha sababu zake.

Mwezi wa Machi 1936, wakati wa shida kubwa ya ukosefu wa kazi, Bibi Dorothea Lange, mpiga picha wa serikali, alifika katika kambi ya wachuma njegere huko Nipomo, California. Baridi ilikuwa imeharibu mavuno, na wafanya kazi walikuwa na njaa. Hapo alimpiga picha mama wa miaka 32, aliyeketi hemani na watoto wake. Mama ameshika tama, macho yake yatazama mbali. Watoto wawili wamemwegemea na kuficha nyuso zao, na mtoto mchanga yuko mapajani.

Sababu ya kwanza ya sifa yake ni kwamba picha hiyo haihitaji mkalimani. Mzazi ye yote, hata asiyejua kusoma, huona kwamba mama huyu hajui watoto wake watakula nini. Pili, taabu ya maelfu ni vigumu kuifahamu kwa hesabu tu, bali uso wa mtu mmoja huingia moyoni. Tatu, picha ilikuwa mali ya serikali, hivyo magazeti yaliweza kuichapisha pasipo malipo, ikaenea kote. Tena ilileta msaada: habari za kambi zilipotangazwa gazetini, serikali ilipeleka huko ratili 20,000 za chakula.

Lakini sifa ya picha si bahati ya aliyepigwa. Chakula kilipofika, mama huyo alikuwa amekwisha ondoka kambini. Bibi Lange hakumwuliza jina, na watu hawakulijua mpaka mwaka wa 1978. Ndipo mama huyo alipolalamika kwamba picha ile haikumpatia hata senti moja. Alifariki mwaka wa 1983, na mwaka wa 1998 sura yake ikatiwa katika stempu za Marekani.

Yafaa basi kila aitazamaye picha ya namna hii akumbuke kwamba aliyemo ndani yake si mfano wa shida tu, bali ni mtu mwenye jina lake na haki yake.