Kucheka Gizani: Utangulizi wa Michezo ya Jumba la Mizuka

Anayeingia kwa mara ya kwanza katika taaluma ya michezo ya video hutarajia kupokewa na nadharia. Nadharia zipo, na tutazifikia. Ila ningependa uingie kwa mlango wa ubishi, kwa sababu wachezaji wanapobishana ndipo kazi ya taaluma hii inapoonekana waziwazi.

Ubishi ninaouweka mbele yako ulianza Machi 2013, Nintendo ilipotoa Luigi's Mansion: Dark Moon kwa mashine yake ya mkononi, Nintendo 3DS. Ulaya na Japani mchezo huo uliitwa Luigi's Mansion 2. Ulikuwa mwendelezo wa gemu la mwaka 2001, na Nintendo iliutangaza mwaka huo wa 2013 kuwa Mwaka wa Luigi. Wahakiki waliusifu, na watu waliununua kwa mamilioni. Hata hivyo, wengi wa walioupenda ule wa kwanza walikuwa na neno la kusema, na neno hilo halijaisha hadi leo.

Mwendelezo una faida kubwa kwa mtafiti. Mtu anayecheza gemu jipya kabisa hukwambia limemfurahisha au limemchosha, basi. Anayecheza mwendelezo hulinganisha, apende asipende, na akilinganisha hutaja kitu mahususi: mlango, taa, wimbo, namna ya kulenga tochi. Alichokipenda mwaka 2001 bila kukijua, mwaka 2013 anakijua kwa sababu kimeondolewa. Hoja yangu katika utangulizi huu ni hiyo tu: maoni kuhusu mwendelezo ni ushahidi wa jinsi mchezo wa kwanza ulivyofanya kazi, na yanastahili kusomwa kwa uangalifu uleule tunaoutumia kusoma riwaya au utenzi.

Tuanze na jumba lenyewe. Luigi ni ndugu wa Mario. Aliingia katika michezo ya Nintendo mwaka 1983, katika Mario Bros., na tangu hapo alikuwa wa pili: mchezaji wa pili, jina la pili, rangi ya kijani baada ya nyekundu. Mwaka 2001, katika gemu lililotoka pamoja na mashine mpya ya GameCube na kuongozwa na Hideki Konno, alipewa nafasi ya mbele. Anaambiwa ameshinda jumba katika shindano ambalo hakushiriki. Mario ametangulia kwenda kulitazama, na hajarudi. Ndani ya jumba Luigi, tochi mkononi, anakutana na Profesa E. Gadd, mzee mfupi anayechunguza mizuka, ambaye anamkabidhi mashine ya kufyonza vumbi iitwayo Poltergust 3000.

Silaha hiyo ndiyo roho ya mfululizo mzima. Humpigi mzuka risasi wala upanga. Unamvizia gizani, unamulika ghafla, moyo wake unaonekana, kisha unamvuta. Naye anakimbia, anamburuta Luigi sakafuni, anapindua meza na kuangusha vyombo, nawe unavuta kijiti cha padi upande wa pili kama mvuvi aliyenasa samaki mkubwa, huku nguvu za mzuka zikihesabiwa kushuka hadi sufuri. Chumba kikishamalizwa, taa zinawaka.

Hapa ndipo nadharia ya kwanza inapotufaa. Mwaka 1999 mwanafalsafa wa Marekani Noël Carroll aliandika makala kuhusu kitisho na ucheshi, akiuliza imekuwaje viumbe walewale wanaotutisha watuchekeshe pia. Jibu lake ni kwamba zimwi hutisha kwa mambo mawili yakiwa pamoja: ni hatari, na linavunja mipaka ya maumbile tunayoitegemea, kwa mfano kati ya aliye hai na aliyekufa. Punguza hatari ukiacha huo uvunjaji wa mipaka, na kicheko kitakuwa karibu sana. Mizuka wa Luigi's Mansion wamekufa, lakini wana njaa, wana hasira za kitoto, wanajipamba. Wanamwumiza Luigi kidogo tu.

Naiongezea hoja ya Carroll jambo ambalo michezo ya video pekee inaweza kulionyesha. Hofu haikuondolewa jumbani, ila imebebeshwa mtu mwingine. Anayetetemeka ni Luigi. Anaposhika kitasa cha mlango mkono unamtikisika. Anapopita gizani anaufuata muziki wa jumba kwa kuimba puani, kwa sauti ya mtu anayejikaza. Kuna hata kitufe cha kumwita Mario, na jinsi afya ya Luigi inavyopungua ndivyo wito unavyozidi kuwa wa kusikitisha. Sauti hiyo ni ya mwigizaji Charles Martinet, na kwa maoni yangu kazi yake hapa ni miongoni mwa uigizaji bora wa sauti katika historia ya gemu, ingawa maneno yenyewe ni machache mno. Mchezaji anaongoza mwoga, naye anajikuta jasiri kwa sababu mwenzake si jasiri.

Linganisha na Resident Evil ya mwaka 1996, nayo ikiwa na jumba kubwa, milango mingi na funguo zilizofichwa. Pale milango ilifunguka taratibu katika giza totoro kwa sababu mashine ilihitaji muda wa kupakia chumba kinachofuata, na mchezaji aliyejaa wasiwasi aliusikia muda ule kama mateso. Waliotengeneza Luigi's Mansion walichukua mlango uleule, wakaweka mbele yake mtu mwenye sharubu anayetetemeka, na mateso yakawa kichekesho. Jumba halijabadilika sana. Aliyebadilika ni mgeni.

Turudi kwenye ubishi. Dark Moon haikutengenezwa Japani. Nintendo iliikabidhi studio ya Next Level Games ya Vancouver, Kanada, ambayo baadaye, mwaka 2021, Nintendo iliinunua kabisa. Hadithi inahamia Bonde la Evershade, ambako mwezi wa giza ulikuwa ukiwatuliza mizuka hadi mzuka aitwaye Mfalme Boo alipouvunja vipande. Badala ya jumba moja kuna majengo matano, na kila jengo limegawanywa katika misheni. Profesa anampeleka Luigi, Luigi anatimiza kazi, Profesa anamrudisha. Katikati ya misheni huwezi kusevu, na ukifa karibu na mwisho, isipokuwa umebahatika kupata mfupa wa dhahabu, unaanza misheni upya.

Malalamiko makubwa mawili yalitokea hapo. La kwanza ni la wale waliosema wanakatizwa: wakianza tu kuzoea ukumbi fulani, simu ya Profesa inalia na wanavutwa nje. La pili ni la waliowakumbuka mizuka wa picha. Katika mchezo wa 2001, mizuka wakuu walikuwa wale waliowahi kugeuzwa picha na kutundikwa ukutani, kila mmoja na chumba chake na hulka yake. Neville anasoma kitabu kwenye kiti cha kubembea, na humpati mpaka apige miayo. Mkewe Lydia anachana nywele mbele ya kioo, na hageuki mpaka upepo uingie dirishani. Ili uwanase ilibidi uwatazame, ujue wanapenda nini na kinawakera nini. Dark Moon iliweka mahali pao aina za mizuka: wa kijani wepesi, wekundu wenye mabavu, wanaojificha na kurusha vitu, wanaotapika uteute. Wanachekesha, wamechorwa kwa ustadi, lakini hawana jina wala kitanda chao wenyewe.

Msomaji wa haraka atayaona malalamiko haya kuwa mawili. Nadhani ni moja. Mwaka 2004 Henry Jenkins alieleza kwamba watengenezaji wa gemu husimulia kwa nafasi: chumba, njia na vitu vilivyomo ndivyo vinavyobeba hadithi, na mchezaji huikusanya kwa kutembea. Nyumba inayosimulia hivyo lazima iwe na wenyewe, na lazima imruhusu mgeni akae. Ukikusanya maoni ya walioikosoa Dark Moon utaona wanadai mambo hayo mawili pamoja, wenye nyumba na muda wa kukaa, hata kama mmoja anazungumzia simu na mwingine anazungumzia picha za ukutani. Waliupenda mchezo wa kwanza kwa kuwa ulikuwa makazi ya watu fulani, na wao walikuwa wakiyajua chumba kwa chumba hadi taa ya mwisho.

Nisiwe mwonevu kwa Dark Moon, kwa sababu upande wake una hoja nzito. Mashine ya mkononi huchezwa kwa vipande, garini, kwenye foleni, kabla ya kulala. Aliyezoea kulipia gemu kwa dakika kibandani ataelewa upesi uzuri wa kazi inayoanza na kwisha katika kikao kimoja. Tena skrini ya 3DS ilionyesha kina bila miwani, na Next Level walikitumia vizuri: vyumba vinaonekana kama visanduku vilivyofunguliwa upande mmoja, na Luigi anachungulia penye ufa kuwatazama mizuka wakifanyiana utundu kabla hawajajua wanatazamwa. Vichekesho vile ni vya mwili, vya kuanguka na kubabaika, na vimepangwa kwa usahihi ambao mchezo wa kwanza haukuufikia. Hukumu yangu ni kwamba Dark Moon inachekesha zaidi, na jumba la 2001 ni jumba bora zaidi.

Luigi's Mansion 3, iliyotoka kwa Nintendo Switch tarehe 31 Oktoba 2019, inasomeka kama jibu kwa ubishi huu. Studio ni ileile ya Vancouver, lakini misheni zimeondoka. Luigi anaalikwa hotelini, anakusanya vitufe vya lifti vilivyoporwa, na kila ghorofa ina mwenyewe mwenye tabia yake. Ameongezwa pia Gooigi, nakala ya Luigi ya uteute wa kijani, anayepenya vyuma lakini huyeyuka akiguswa na maji, na mtu wa pili anaweza kumwongoza. Wengine walilalamika kwamba fedha zilizojaa kila droo hazina matumizi ya maana, na kwamba paka mzuka anayeiba kitufe cha lifti na kuwarudisha ghorofa walizokwisha kuzipita anawachosha. Hilo la paka lingekufaa kuanza nalo utafiti: kwa nini kurudi nyuma kulikuwa utamu mwaka 2001 na usumbufu mwaka 2019?

Taaluma unayoingia ni changa. Mholanzi Johan Huizinga aliandika juu ya mchezo na utamaduni mwaka 1938, na Mfaransa Roger Caillois aliipanga michezo katika aina nne mwaka 1958, lakini hawakuwa na kompyuta mbele yao. Jarida la Game Studies, ambalo Espen Aarseth alikuwa mhariri wake mkuu wa kwanza, lilianza mwaka 2001, mwaka uleule Luigi alipobisha hodi jumbani. Yapo maswali mengi ambayo hayajaulizwa hata mara moja kwa Kiswahili, na aliyekulia kwenye simulizi za majini na mashetani wa nyumba zilizohamwa ana masikio yanayofaa kwa kazi hii.

Unapoanza kukusanya maoni, kila neno la mchezaji liulize linaelekea kwenye kiungo gani cha mchezo, na wakati gani. Chukua neno "mfupi". Wengi waliulaumu mchezo wa kwanza kwa ufupi, kwa kuwa mtu aliweza kuumaliza kwa saa sita hivi. Lawama hiyo ilitolewa na watu walionunua mashine mpya kwa bei kubwa wakitaka gemu la kuwakalisha miezi. Aliyeucheza miaka mingi baadaye, akiwa na rafu iliyojaa, aliuona ufupi uleule kuwa adabu ya mchezo usiompotezea muda. Neno ni lilelile, urefu ni uleule, na mchezaji ana haja nyingine.

Kwa bahati, tarehe 27 Juni 2024 tulipata jaribio ambalo watafiti wa nyanja nyingine wangelitamani. Dark Moon ilitolewa upya kwa Switch kwa jina la Luigi's Mansion 2 HD, kazi ya studio ya Tantalus ya Australia. Picha zilisafishwa, misheni zikaachwa zilivyo. Awali 3DS ilikuwa na kijiti kimoja, na kulenga juu au chini kulihitaji vitufe au kuinamisha mashine; sasa kijiti cha pili kipo. Kina cha 3DS hakipo. Bei ilikuwa ya gemu kamili, dola 60 hivi. Alama za wahakiki zilikuwa chini ya zile za 2013, na lawama ya misheni ilirudi ikiwa na sababu mpya, kwamba muundo uliofaa mkononi umepandishwa kwenye televisheni ya sebuleni. Gawa maoni ya 2024 katika mafungu: yaliyobadilika kwa sababu ya kijiti, kwa sababu ya skrini, kwa sababu ya bei, na kwa sababu hoteli ya 2019 ilishaonyesha njia nyingine. Lipo fungu la tano, la maoni ambayo hayakubadilika hata kidogo kwa miaka 11, na ndani yake wenye nyumba waliopotea wanatajwa tena na tena.