Pano ya solere iliyotumika: ipime mbele ya kulipa

Moto wa SNEL hapa Kalemie unatoka kule Bendera, kwenye mto Kyimbi. Lakini waya haufiki kwa kila mulango, na hata kule unafika, moto unaweza kukatika watoto wakiwa bado kwenye kazi ya masomo. Ndiyo maana mchimbaji akirudi toka Manono ao Nyunzu na makuta kidogo, jamaa inafikiri pano ya solere. Mpya ni bei kali. Basi anaangalia ile iliyotumika.

Pano ya zamani si mbaya kwa sababu ya miaka. Wafabrikaji wengi wanahakikisha kwamba kisha miaka 25 itakuwa ingali na asilimia 80 ya nguvu. Ubaya uko kwingine: pano imevunjika ndani, ao haipatane na batri yako.

Anza na macho. Kioo kikipasuka, hata kidogo, acha: maji ya mvua itaingia. Geuza nyuma: alama ya kuungua, ao kisanduku cha waya kimeyeyuka, acha. Etiketi ikitolewa, hapo iko neno.

Kisha ipime saa sita, jua kali, kioo kikiwa safi. Muuzaji atakuonyesha volti tu. Usitosheke! Pano iliyochoka inaweza kutoa volti nzuri lakini ampere hakuna. Fundi apime vyote viwili, alinganishe na etiketi. Mawingu ao moshi vinapunguza ampere, kwa hiyo weka pano mbili za aina moja pembeni. Ile inatoa nusu ya mwenzake, iache kwa mwenyewe.

Sasa hesabu vile vipande vya bleu ao vyeusi mbele ya kioo. Vikiwa 36, ni pano ya batri ya volti 12. Vikiwa 60, ilitengenezwa kwa paa kubwa, na inafanya kazi karibu na volti 30. Ukiifunga kwa batri ya volti 12 na regilatere ya kawaida, pano ya wati 250 itakupa kama wati 110 tu. Zingine umelipa bure. Ili uzipate zote, inaomba regilatere ya aina ya MPPT, na ile iko na bei yake. Uliza bei ya vyote viwili mbele ya kufurahia pano kubwa.

Nyumba inaomba kiasi gani? Ampule 4 za wati 5, saa 5: 100. Televizyo ya wati 40, saa 4: 160. Telefone 3: karibu 30. Jumla 290 kwa siku. Pano nzuri ya wati 100 inaweza kutosha siku za jua. Batri ya asidi iwe ya ampere-saa 100, kwa sababu ukiimaliza kila usiku itakufa upesi.

Kwa mwisho: ukitaka kupunguza bei, punguza kwa pano, hapana kwa batri. Pano iliyotumika inapimwa dakika kumi. Batri iliyotumika inakudanganya mchana, inakuonyesha ukweli usiku, muuzaji akiisha kwenda.